Siku Kompyuta Iliponguruma

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea shahada ya ualimu. Zilibaki siku tatu niwasilishe mradi wangu: programu ya kuamrisha spika ya kompyuta ya zamani itoe mlio wa mitetemo 440 kwa sekunde. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na desa, nikanakili kila mstari kama ulivyo.

Nilipoiwasha mbele ya mhadhiri, spika ilinguruma kama mashine ya kusaga. Akaniuliza swali moja tu: "Hii namba 2,712 umeitoa wapi?" Nilinyamaza. Akanipa siku mbili nirudi na jibu, la sivyo nirudie somo wenzangu wakihitimu.

Nilikimbilia maktaba. Nikaazima vitabu viwili: cha Intel, waliobuni chipu 8253 inayohesabu muda, na cha IBM, kinachoeleza jinsi chipu hiyo ilivyounganishwa katika kompyuta yao ya mwaka 1981. Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Ukurasa mmoja ulinimalizia jioni nzima. Lakini jibu lilikuwemo.

Chipu ile hupokea mapigo 1,193,182 hivi kwa sekunde. Ukigawanya kwa 440, unapata takriban 2,712. Namba hiyo haienei katika baiti moja, kwani baiti huishia 255. Kwa hiyo hupelekwa kwa vipande viwili: 10 × 256 + 152. Kwa amri niliyoitumia, 152 hutangulia, kisha 10. Desa liligeuza mpangilio. Chipu ikasoma 38,922, na mlio ukashuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde. Ndiyo ile ngurumo!

Nilibadilishana mistari miwili tu. Spika ikatoa mlio mmoja, safi. Siku ya pili mhadhiri alirudia swali lake; nilichukua chaki nikamwonesha hesabu yote ubaoni. Nilifaulu.

Mwanafunzi mpendwa, sikukatazi kusoma desa, wala kitabu hiki cha marudio. Lakini ukikutana na jibu usiloweza kueleza limetokaje, usilikariri. Fungua kitabu cha kiada, tafuta ukurasa wake, kisha fanya hesabu hiyo kwa mkono wako. Katika chumba cha mtihani desa halitakuwepo. Utakuwa wewe, kalamu, na kile ulichokielewa.