Goti la Kushoto

Muhula uliopita mwalimu wetu wa uandishi alitupa zoezi. Kila mmoja achague mtu aliye hai, asimulie mwanzo wa kazi yake kwa Kiswahili, kisha aeleze kwa nini amemchagua. Wenzangu walichagua waimbaji, wanasiasa na matajiri. Mimi nilimchagua Riccardo Calafiori, beki wa Italia. Darasa lilicheka. Mwalimu aliuliza, "Beki? Kwa nini si mfungaji wa mabao?" Nikajibu kwamba hata mimi nilikuwa beki, nikakaa chini. Katika insha hii nataka kueleza yale ambayo siku ile sikuyaeleza.

Nilizaliwa Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kilikuwa kikisemwa madukani na gereji hata kabla ya mwaka 2017, kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Uwanja mkubwa wa mpira uko karibu na kwetu. Siku za mechi tulisikia kelele za mashabiki tukiwa jikoni, na mama alijua goli limefungwa kabla redio haijasema. Mtoto anayekulia hapo hafundishwi kupenda mpira. Nilianza na mipira ya kufunga kwa mifuko na kamba, na nilipofika sekondari nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya shule kwa sababu moja tu: natumia mguu wa kushoto, na hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Februari 2022, nikiwa na miaka 16, tulicheza na shule jirani. Nilimkimbilia winga wao, nikapanda mguu chini ili nigeuke. Mwili uligeuka, goti halikugeuka. Nilisikia sauti kama ya kijiti kikavu. Nililala kwenye vumbi nikishika mguu. Kocha wetu, ambaye simtaji jina kwa kuwa alikuwa akitupenda kwa namna yake, alikuja akasema, "Inuka, wewe ni mwanaume." Tulikuwa tumemaliza wachezaji wa akiba. Niliinuka. Nilicheza dakika kumi zaidi nikichechemea, mpaka goti likashindwa kunibeba kabisa.

Daktari wa mifupa alisema kano moja imekatika na gegedu imechanika. Upasuaji ulihitaji fedha ambazo bima yetu haikuzigharamia zote. Mama anauza vitenge, na mwaka ule biashara ilikuwa bado haijapona baada ya korona. Alichanga kwa ndugu, akauza cherehani yake, na miezi saba baadaye nikapasuliwa. Katika miezi hiyo saba paja langu la kushoto lilikuwa jembamba kuliko mkono wa baba mdogo. Niliuliza kama dakika zile kumi ndizo zilizoharibu zaidi. Daktari hakunijibu moja kwa moja. Alisema, "Aliyeumia goti hapaswi kuendelea kucheza," akaandika dawa.

Calafiori nilimjua usiku wa tarehe 24 Juni 2024. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa taifa, lakini saa tatu usiku nilifunga daftari nikaenda kwa jirani kutazama Italia na Kroatia zikicheza Leipzig katika Kombe la Mataifa ya Ulaya. Italia ilikuwa nyuma kwa bao moja la Luka Modrić, na kufungwa kungeiweka pabaya. Dakika za nyongeza zilikuwa zinaisha. Ndipo beki mmoja mwenye nywele ndefu alipouchukua mpira nyuma, akapanda nao katikati ya uwanja kana kwamba hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni beki. Alifika karibu na eneo la hatari, akampasia Mattia Zaccagni upande wa kushoto, na Zaccagni akauzungusha mpira mpaka pembeni ya nyavu. Dakika ya 98. Mtangazaji akasema kwamba kijana huyo aliwahi kuvunjika goti hadi madaktari wakaogopa. Nyumba nzima ilikuwa ikishangilia. Mimi nilikuwa nimeshika goti langu bila kujua.

Nilipopewa zoezi lile, basi, nilijua nitamwandika nani. Nilikusanya habari zake mwaka kwa mwaka, nikaziandika upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili niliandika zangu.

Yeye alizaliwa Roma tarehe 19 Mei 2002, akalelewa katika timu za vijana za klabu ya AS Roma. Tarehe 2 Oktoba 2018, akiwa na miaka 16, alikuwa akicheza mechi ya vijana ya Ulaya dhidi ya Viktoria Plzeň ya Ucheki. Aligongwa na goti lake la kushoto likaharibika karibu lote: kano, vipande vya gegedu vilivyo kati ya mifupa, pamoja na kifuko kinachozunguka kiungo. Ni aina ya jeraha ambalo madaktari hulizoea zaidi kwa watu walioanguka na pikipiki kuliko kwa wacheza mpira. Jioni ileile wakubwa wa Roma walicheza na wakubwa wa Plzeň, wakashinda 5-0. Edin Džeko alifunga matatu, na ushindi akamtunukia kijana aliyekuwa hospitalini.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu. Miaka 16 na miaka 16. Goti la kushoto na goti la kushoto. Lakini yeye hakuna aliyemwambia ainuke. Alibebwa, akapasuliwa na mabingwa, klabu ikampa watu wa kumfundisha kutembea upya, na mtu maarufu akamtaja mbele ya dunia. Mimi nilibebwa kwenye pikipiki, nikiwa katikati ya dereva na baba mdogo, mguu ukining'inia. Nikajiambia kwamba huyu si mfano wangu. Huu ni mfano wa fedha. Nilitaka kubadilisha mada.

Lakini zoezi lilikuwa la kesho kutwa, hivyo niliendelea, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyogundua kwamba hadithi niliyoiona Leipzig haikuwa hadithi yenyewe. Nilikuwa nadhani aliumia, akapona, akang'aa. Kati ya kupona na kung'aa kulikuwa na miaka mingi ambayo hakuna anayeishangilia.

Alikaa nje karibu mwaka mzima. Tarehe 1 Agosti 2020 alicheza mechi yake ya kwanza ya Serie A, ugenini kwa Juventus, siku ya mwisho ya ligi. Roma ilishinda 3-1 na yeye ndiye aliyeangushwa Roma ikapata penalti. Desemba mwaka uleule alifunga bao lake la kwanza katika timu ya wakubwa, dhidi ya Young Boys ya Uswisi. Mtu angesema njia imefunguka. Haikufunguka. Oktoba 2021 alikuwa beki wa kushoto siku Roma ya José Mourinho ilipochapwa 6-1 na Bodø/Glimt huko Norwei. Januari 2022 akapelekwa Genoa kwa mkopo, hakupata nafasi, na mwisho wa msimu Genoa ikashuka daraja. Agosti mwaka huo Roma ikamuuza Basel ya Uswisi. Alikuwa na miaka 20. Mwitaliano aliyezaliwa Roma, akalelewa na Roma, kuondoka kwenda ligi ya Uswisi si safari ya kupandishwa cheo.

Hapo nikatazama upande wangu wa karatasi. Januari 2022 yeye anakaa benchi Genoa. Februari 2022 mimi naanguka kwenye vumbi. Kwa hiyo wakati nilipokuwa nikijihurumia kitandani, mtu niliyemwonea wivu naye alikuwa hatakiwi. Sikufurahi kulijua hilo. Lakini wivu ulipungua.

Huko Basel alicheza. Timu ilifika nusu fainali ya mashindano ya tatu ya Ulaya mwaka 2023, ikatolewa na Fiorentina. Kisha Agosti 2023 akarudi Italia, katika klabu ya Bologna, na kocha Thiago Motta akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Alimtoa pembeni akamweka katikati. Beki wa pembeni anaishi kwa kukimbia: anapanda, anashuka, anapanda tena. Beki wa kati anaishi kwa kusoma mchezo: anauona mpira kabla haujafika, anasimama mahali ambapo hatari itatokea, na timu ikipata mpira yeye ndiye anayeanzisha. Motta alimpa pia ruhusa ya kupanda kutoka katikati pale uwazi unapoonekana. Bologna ilimaliza nafasi ya tano na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Haikuwa imecheza shindano kubwa kuliko yote la klabu za Ulaya tangu miaka ya 1960. Tarehe 20 Mei 2024, siku moja baada ya kutimiza miaka 22, alifunga mabao mawili katika sare ya 3-3 na Juventus. Yalikuwa mabao yake ya kwanza ya Serie A.

Juni akachezea taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uturuki. Wiki mbili na ushei baadaye alijifunga katika mechi na Hispania, na Italia ikapoteza 1-0 kwa bao hilo. Siku nne tu zilipita kati ya bao lile la kujifunga na ule mpira wa dakika ya 98. Kisha kadi ya njano aliyopewa Leipzig ikamnyima mechi iliyofuata, na Italia ikatolewa na Uswisi akiwa hachezi. Mwezi uliofuata akaenda Arsenal, ambayo jezi yake wakati huo ilikuwa na jina la nchi yetu kwenye mkono. Katika mtaa wetu walisema, "Sasa ni ndugu yetu."

Nilisoma zoezi langu darasani, mwalimu akanipa alama nzuri, wenzangu wakapiga makofi. Lakini sikusema jambo moja. Wiki ileile, kwa kiburi cha kusoma habari za mtu aliyerudi, nilikwenda kucheza. Ilikuwa mechi ya madarasa, ya kirafiki. Nilifunga goti kwa bendeji, nikajiambia nitakaa katikati, sitakimbia. Dakika ya ishirini lilivimba. Nilirudi nyumbani nikamdanganya mama kuwa nimeteleza kwenye ngazi. Alinikanda kwa maji ya moto bila kuniuliza lolote. Alipomaliza alisema, "Mwanangu, cherehani nyingine sina." Maneno hayo yaliniumiza kuliko goti.

Tangu hapo sichezi. Nilimwendea mratibu wa michezo chuoni nikaomba kutangaza mechi kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa naishiwa maneno. Nilijua mpira unakwenda wapi lakini sikujua niuite nini, na mashabiki walinicheka nilipochanganya Kinyarwanda na Kiswahili. Sasa nimezoea. Nauona uwanja mzima kutoka mahali nilipo, na mara nyingi najua pasi itakwenda wapi kabla haijapigwa. Sidai kwamba hili ni sawa na kucheza. Si sawa. Timu inapoingia uwanjani na harufu ya nyasi inaponifikia, bado miguu yangu inataka kwenda.

Nina mdogo wangu wa miaka 14. Naye anatumia mguu wa kushoto, naye ni beki. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama. Kipindi cha pili aliruka kupiga kichwa, akashuka vibaya, akabaki chini akishika kifundo cha mguu. Kocha wao alimkaribia. Nikamsikia akisema neno lilelile: "Inuka."

Mdogo wangu alianza kuinuka. Mimi niliingia uwanjani. Sikumbuki kama nilikimbia, ila goti lilinieleza baadaye kwamba nilikimbia. Nikamwambia, "Kaa chini." Kocha aliniuliza mimi ni nani. Nikamjibu, kwa heshima kadiri nilivyoweza, "Mzee, mimi ni kaka yake, na huyu hachezi tena leo." Refa aliniamuru nitoke. Nilitoka, lakini nilitoka naye begani. Timu yao ilibaki na watu kumi na ikafungwa. Njia nzima mdogo wangu hakunisemesha. Kifundo kilikuwa kimeteguka kidogo tu. Baada ya wiki mbili alikuwa mzima. Mpaka leo anaamini nilimwaibisha mbele ya wenzake, na huenda ni kweli.

Mwalimu aliniuliza kwa nini beki. Jibu langu ni hili: mfungaji hukumbukwa kwa bao alilolifunga, lakini kazi kubwa ya beki ni mambo ambayo hayakutokea, na mambo hayo hayaandikwi popote. Mdogo wangu hatajua kamwe kama siku ile ningenyamaza goti au kifundo chake kingekuwaje. Natamani asijue. Calafiori alirudi kwa sababu ya juhudi zake, lakini pia kwa sababu siku ya kwanza kuna waliomwacha alale chini na wakambeba. Kwetu tunawasifu sana walioinuka. Ningeomba tuwaheshimu pia wale wanaosema, "Kaa chini, tukubebe."