Kufuata Faili Mbale

Takisi ya Mbale haiondoki Jinja mpaka ijae, kwa hiyo tulikaa stendi muda mrefu, shemeji akiwa dirishani na bahasha ya kaki mapajani. Ndani mlikuwa na karatasi ya mashtaka na risiti ya faini ya mwaka 2018. Dada yangu ameolewa Jinja, nami nilikuwa nimekuja kumsalimu tu. Mashariki ya hapo sikuwahi kufika. Dada ndiye aliyenituma: "Nenda naye, wewe ndiye msomaji wetu."

Kisa chenyewe ni kifupi. Miaka ya shufwa ndiyo miaka ya imbalu, jando la Wagisu, na Agosti 2018 shemeji alipeleka wageni huko Mbale kwa gari la tajiri wake. Akakaribishwa kwenye chungu cha malwa, pombe ya kienyeji, akapewa mrija. Usiku, akirudi, akakuta kizuizi cha Kawunyemu, operesheni ya polisi ya kupima pumzi za madereva. Sheria ya Uganda inavumilia hadi miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, naye alikuwa amezidi. Alilala selo. Asubuhi wenzake humo wakamshauri: kubali, lipa, nenda zako. Alifanya hivyo hivyo, na tangu siku hiyo hajasimama kizimbani tena. Sasa tajiri mmoja wa Muscat anatafuta dereva, na anadai cheti cha mwenendo mwema, kile kinachotolewa na ofisi ya Interpol Kampala baada ya mtu kuchukuliwa alama za vidole.

Tulipita miwa ya Kakira, tukapita Iganga, na pale Nakalama gari likakata kushoto, barabara ya Tirinyi. Kuanzia Namutumba nchi inashuka taratibu mpaka kwenye kinamasi cha mto Mpologoma, mafunjo upande mmoja na mpunga upande mwingine. Nilikuwa bado nashangaa ukubwa wa maji yale wakati abiria wa nyuma, aliyekuwa amesikia mazungumzo yetu yote, alipoinama na kutwambia kwamba yuko mtu Kampala anayesafisha majina. Bei inazungumzika. Shemeji alinigeukia. Nikamwambia kwamba atakayenunua cheti cha kughushi ameacha kosa la pombe akaokota la kughushi, ambalo ni zito kuliko lile. Abiria yule akacheka, akarudi kwenye simu yake. Mbele yetu ukuta wa mlima Wanale ulikuwa umeanza kujitokeza, mrefu na wa kijani, na mji wa Mbale umejibanza chini yake.

Wakili tuliyeelekezwa ana chumba ghorofani, karibu na mnara wa saa. Alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Kabla hata hajafungua bahasha aliuliza, "Ulikubali kosa mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akaweka kalamu chini. Rufaa ya jinai, alieleza, hufunguliwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda ukiwa na sababu ya maana, na inaweza pia kuliita faili la hakimu na kulipitia upya. Lakini aliyekiri kosa hana nafasi ya kusema baadaye kwamba hakulitenda. Anachoweza kupinga ni uhalali wa kule kukiri kwake, au adhabu. Na kukiri kuna masharti yake, ambayo majaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiyafuata tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya tukio yasomwe, kisha aulizwe kama anayakubali. Hatua moja ikirukwa, pana mahali pa kushika.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofuata Mbale.

Karani wa mahakama alitupokea vizuri, na mchana ulipoanza kupoa faili likapatikana. Wakili alilisoma amesimama. Shtaka lilisomwa kwa Kiganda, ambacho shemeji anakizungumza sawasawa na Kisoga chake. Jibu: ni kweli, nilikuwa nimekunywa. Maelezo yalisomwa, naye akayakubali. Hakimu alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko wa kusomeka, na sijawahi kusikitishwa hivyo na kazi iliyofanywa vizuri.

"Imebaki Ibara ya 121," alisema wakili. Ibara hiyo ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, akishauriwa na kamati ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na raia mashuhuri sita.

"Rais, kwa chungu cha malwa?" aliuliza shemeji.

"Katiba haikutaja chungu."

Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 80, inamzuia asigombee ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la udanganyifu ndani ya miaka 7 kabla ya uchaguzi. Baada ya hapo, karibu bungeni. Shemeji, ambaye hakudanganya mtu, angeweza kugombea hata kesho, mradi awe na cheti cha kidato cha sita; kuendesha lori Muscat ndiko kwenye shida. Kwingine hukumu ina mwisho: Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayoiacha hukumu ndogo ipitwe na wakati. Kanada, ambayo tangu Desemba 2018 inahesabu ulevi barabarani kuwa kosa zito, inapokea ombi la mgeni la kuruhusiwa kuingia miaka 5 baada ya kumaliza adhabu. Mimi sitetei ulevi kwenye usukani. Barabara ile ya Tirinyi ina watoto wanaotembea kandokando jioni nzima. Tajiri ana haki ya kujua. Ninachodai ni haki hiyo iwekewe mwisho, na kazi hiyo ni ya Bunge.

Shemeji alilipia nakala ya faili yenye muhuri. Ataiambatanisha na risiti, aombe cheti chake, na kumweleza tajiri wa Muscat ukweli kabla hajaulizwa.

Nawe dereva unayesoma haya, ukifikishwa mbele ya hakimu kwa kosa kama hili, muulize wakili kwanza. Ukiona ni haki kukiri, kiri. Ila ujue kwamba Uganda haina sheria itakayoifuta hukumu hiyo kwa kupita miaka tu, na kwamba siku 14 za rufaa zinaanza kuhesabiwa siku unayohukumiwa.