Pahala Pasipopwa

Jioni niliyofika Mwanza, nyumbani kwa dada yangu huko Mkuyuni, nilimuuliza mpwa wangu wa miaka tisa maji yatakupwa saa ngapi. Nilikusudia kutembea ufukoni asubuhi, na kwetu Unguja mtu hatoki kwenda pwani pasi na kujua kwanza maji yamesimamaje. Kijana akanitazama kwa huruma. "Mjomba," akasema, "ziwa haliendi popote."

Nililala na jibu lile. Msomaji hahitaji kuambiwa asili ya neno pwani, lakini mimi, kwa miaka yote niliyolitamka, sikupata kulisikia sawasawa mpaka lilipokosa mahali pa kukaa. Pwani ni pale papwapo maji. Basi Mwanza haina pwani. Ina mwalo, ndivyo wavuvi wa ziwani wanavyoliita diko, pale vyombo vinapofikia na samaki kushushwa. Maji yapo pale pale chini ya jiwe, asubuhi, adhuhuri na usiku. Hupanda, ndiyo, ila si kwa saa. Mwaka 2020, na tena 2024, baada ya mvua nyingi, ziwa lilipanda likaingia mashambani na majumbani mwa watu, na lilipokwisha kuingia halikuwa na haraka ya kutoka.

Kwa mtu wa bahari aliyekuja kupumzika, jambo hili si dogo. Mapumziko yetu yote hupangwa na maji. Yakipwa, kina mama wanakwenda kuchokoa pweza na watoto wanapiga mpira mchangani. Yakijaa, ngalawa zinaelea na vijana wanajitosa. Hakuna anayetazama saa. Mwanza nilikaa siku mbili sijui lipi nilifanye wakati gani. Nilikwenda kulitazama Jiwe la Bismarck, lililosimama juu ya mawe wenziwe majini kana kwamba mtu aliliweka hapo kwa muda kisha akasahau kulirudia. Nikalitazama asubuhi, nikarudi kulitazama alasiri. Halikubadilika. Kwetu jiwe kama lile lingekuwa na sura mbili kwa siku, na nusu ya umbo lake lingevaa chaza.

Siku ya tatu tulivuka kwenda Saanane, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, mwendo wa dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Wenzangu walihesabu wanyama; mimi nilihesabu makoti ya kuokolea. Pimbi walikuwa wakiota jua maweni, na mijusi yenye vichwa vyekundu ikituinamia kama inaitikia salamu. Lakini niliyemfikiria zaidi ni Saanane Chawandi mwenyewe, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla kisiwa hakijachukuliwa kuwa makazi ya wanyama katika miaka ya 1960. Yeye aliondoka, jina likabaki.

Kuogelea nako kulikuwa na masharti. "Usiingie penye majani," dada alinionya, "kuna kichocho." Nilishangaa, si kwa ugonjwa, maana kichocho tunacho Unguja na Pemba, bali kwa mahali pake. Chetu ni cha vijito na madimbwi. Konokono wake hawaishi chumvini, na bahari ndiyo tunayoikimbilia. Huku ufuko wenyewe ndio wenye konokono. Nikachovya kidole nikakiramba. Maji yaliyotanda mpaka upeo wa macho, na hayana ladha!

Juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba nilimkumbuka Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa lile lile, aliyetutolea Kichomi mwaka 1974 na kuwaudhi wengi miongoni mwetu tuliolelewa kwa vina na mizani. Nikamwambia shemeji, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, kwamba pengine mtu aliyekulia kando ya maji yasiyopwa hana sababu ya kungojea kina kirudi. Alicheka sana. "Shemeji, sikiliza hayo mawimbi hapo chini," akasema. "Yanakosa mizani yapi?" Nikaiacha hoja yangu palepale jiweni.

Ni yeye aliyenipeleka Igoma. Dada alitaka twende sokoni, lakini mimi ndiye niliyeomba, na shemeji hakuuliza kwa nini. Pale wamezikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu ndani yake. Tulitembea baina ya makaburi bila ya maneno mengi. Shemeji alikuwa kijana wa shule mwaka ule. Alinieleza jinsi watu walivyokaa kando ya ziwa, siku hata siku.

Nami nikamweleza ambalo dada yangu halizungumzi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iendayo Pemba ilizama nje ya Nungwi, na binamu yetu alikuwamo. Tulimngojea kwa maji. Kila yalipojaa tuliamini yanamleta, na kila yalipokupwa tulipita mchangani tukitazama, mara mbili kwa siku, mchana na kwa tochi usiku. Tuliendelea hivyo hata baada ya wazee kutuambia inatosha. Hakurudi.

"Nyinyi mlingoja nini?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Sisi tulingoja tu."

Wiki ya kwanza, kila usiku, nilikuwa nikiziona kwa mbali taa za wavuvi wa dagaa, nyingi hata ungedhani kuna mji wa pili ng'ambo. Katikati ya wiki ya pili nilitoka barazani nikakuta giza tupu majini na mwezi mpevu juu yake. Nikauliza kuna nini. "Mbalamwezi," mpwa wangu akasema. "Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Wavuvi wanapumzika." Lilinifurahisha jambo hilo kuliko nilivyoweza kumweleza. Hata wavuvi wetu wa dagaa hulala mwezi ukiwaka. Na mwezi ule ule ndio utuleteao bamvua.

Ilikuwa saa nne usiku. Nikampigia mama simu, Jambiani.

"Maji vipi huko?"

"Yamekupwa, mwanangu," akasema, bila ya kushangazwa na swali. "Nimekaa ukumbini nayatazama. Yamekwenda mpaka mwambani."

Mpwa wangu akaomba simu, naye asikie.