Barua Kutoka Minnesota: Mintarafu ya Omo Lililoinuka

Ndugu zangu wa pwani,

Nisiwafiche kwamba kalamu hii nimeishika nikiwa na ghadhabu kidogo. Mpwa wangu, ambaye ni nahodha wa boti ya faiba pale Nyali na ambaye nampenda kama mwanangu wa kumzaa, ameniletea katika simu video anayojivunia: anawavuta watoto wa wageni waliokaa juu ya boya la upepo, mashine inanguruma, omo limeelekea mbinguni kana kwamba chombo kinaomba dua, naye mwenyewe amesimama juu ya ncha za vidole apate kuona kilicho mbele, wala hakioni, na chini ya video hiyo jamaa wa ukoo mzima, tangu shangazi zake wa Lamu hadi binamu walioko Muscat, wameandika mashallah.

Huku niliko watu wangemshusha mtu huyo kwenye usukani. Naandika kutoka Lake City, mji mdogo wa jimbo la Minnesota ulio kando ya Lake Pepin, ambalo kwa hakika ni Mto Mississippi uliojitanua hata ukapata upana wa maili mbili hivi. Ni hapa ambapo mwaka 1922 kijana aitwaye Ralph Samuelson, akiwa hajatimiza bado miaka 19, alifungiwa mbao mbili miguuni, akavutwa kwa kamba na boti iliyoendeshwa na ndugu yake, akasimama juu ya maji. Alikuwa amekwisha kujaribu kwa mbavu za pipa na kwa mbao za theluji, akazama. Hatimaye akazichemsha ncha za mbao zake na kuzipinda zielekee juu, kisha akaegemea nyuma, na hapo maji yakamkubali. Ajabu ya mambo haya ni kwamba mbao za anayevutwa hutaka ncha iwe juu, ilhali boti inayomvuta, hasa ikienda polepole, hutaka omo lishuke. Na watu wa kwetu wameshika sheria ya mbao wakaitia katika boti.

Chombo chochote kiendacho kwa kuyakata maji hujifanyizia wimbi lake omoni, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka likawa na urefu sawa na wa chombo chenyewe. Likizidi hapo, tezi huzama bondeni, omo likabaki kileleni, na tangu hapo petroli yote hutumika kukipandisha chombo mlima kilioujenga kwa mwili wake. Kwa boti ya futi 18 mlima huo huanza kwenye maili sita au saba kwa saa. Boti yenye tumbo bapa na mashine ya nguvu huuvuka, ikainuka juu ya maji, ikalala sawa na kuparaza; lakini boti nyingi za familia za kadiri hiyo huporomoka tena mwendo ukipungua chini ya maili 18 au 20. Na mtoto anayeanza kuvutwa hataki maili 20. Hutaka 15, pengine pungufu. Basi nahodha hujikuta kati ya mawili: aongeze moto, awarushe watoto wa watu kama dagaa, au apunguze, tezi ikae, omo lipande, asimwone mwogeleaji aliye hatua chache mbele yake.

Kwetu jawabu la kila shida ya boti ni moto. Boti nzito? Ongeza moto. Omo liko juu? Ongeza moto. Mashine ya farasi 40 haitoshi? Nunua ya 60. Huku, na hili ndilo linalonishangaza kwa watu tunaowadhania kuwa wa israfu, jambo la kwanza kuulizwa ni uzito, na la pili ni uzito, na moto huulizwa mwisho.

Jirani yangu, mzee mwenye asili ya Norway ambaye maneno yake ya asubuhi nzima yangeandikika juu ya kisanduku cha kiberiti, ana boti ya kuparaza kwa ajili ya wajukuu. Kabla hajawasha mashine hutazama kila mtu amekaa wapi na kila kitu kimewekwa wapi, kwa makini ambayo sijaona kwa karani wa forodha. Sanduku la barafu, ambalo kila familia hulitupa tezini, hulisukuma mbele. Binti yake na mkwewe huwahamishia viti vya omoni, akawakataza wasizidi, kwa sababu omo lililolemewa nalo ni balaa: huchimba maji, usukani ukawa mkali, chombo kikageuka ghafla, na nahodha akisimama kwa pupa wimbi lake mwenyewe humwingilia kwa mbele. Mmoja hubaki nyuma akiwakodolea macho wanaovutwa, maana sheria ya Minnesota hutaka awepo mtazamaji huyo au kioo kipana cha kutazamia nyuma. Watoto wasiofikia miaka kumi kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea, na hilo pia ni sheria, wala si hisani ya mzazi.

Kisha huuingiza mguu wa mashine ndani kabisa, yaani huuinamisha hata rafadha iyasukume maji kwa namna inayoinua tezi, tofauti na vijana wanaouacha umebinuka nje kwa sababu boti ikiwa tupu na yenye mbio hupendeza hivyo. Fauka ya hayo amefunga tezini mabati mawili yenye bawaba, moja kila upande, yaliyo na vyuma vya kusukuma vyenye gesi ndani yake: mwendo ukiwa mdogo mabati hubaki yameinama na kuinua tezi, na mwendo ukikua maji yenyewe huyabana yapande juu yasizuie. Yako pia ya kuendeshwa kwa pampu na kitufe, ya gharama zaidi. Rafadha ya pangaa tatu iliyokuja na boti ameiondoa, akatia ya pangaa nne yenye hatua fupi, yaani ile ambayo katika mzunguko mmoja ingesonga masafa madogo kama maji yangekuwa kitu kigumu. Hiyo huyashika maji vizuri katika mwendo mdogo, ingawa humnyang'anya maili chache za mbio kubwa, naye hazihitaji. Kwa tadbiri hizo boti yake hubaki imelala sawa kwa maili 15, omo liko chini ya upeo wa macho, na mzee ameketi.

Watu wengine hufunga mabawa ya plastiki juu ya rafadha, kwenye bamba la mashine, kwa kuwa ni rahisi. Husaidia, lakini katika mashine nyingi ni lazima kulitoboa bamba, na mwenye kutoboa mashine ya mkopo ajue anatoboa mali ya nani.

Najua mtanijibu kwamba hayo ni ya wenye fedha. Kuhamisha dumu la petroli kutoka tezini kwagharimu nini? Kumwambia abiria mnene, kwa adabu, asogee mbele kwagharimu nini, ila aibu kidogo? Na wazee wetu hawakuyajua haya kwa kusimuliwa: farumi waliipanga jiwe kwa jiwe, shehena waliisawazisha kabla ya tanga kupanda, na upepo ulipozidi mabaharia walihamia joshini bila kuambiwa. Elimu hiyo waliipata bila kibati wala kitufe, nasi tulipopata mashine tukaitupa baharini pamoja na mawe ya farumi. Mzaha wangu unakoma hapa, kwa kuwa mnakumbuka Septemba 2018 na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria kikiwa na watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. Huku boti ya kawaida yenye urefu usiofikia futi 20 hubandikwa kiwandani kibati cha idadi ya watu na uzito wao kwa ratili, na mwenye boti hukisoma.

Jambo jingine, kwa wenye mashua: haya ya kuparaza hayawahusu. Chombo cha mbao chenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu kimeumbwa kiyakate maji, na mwendo wake umewekewa mpaka na urefu wake. Mwenye kukifungia mashine ya pili apate mbio za faiba atapata tezi iliyozama na deni la petroli. Mwenye faiba naye, kabla ya kununua chochote, aisugue boti yake chini, kwa sababu ukoga na chaza ni uzito na ni breki. Na akibadili rafadha atazame mizunguko ya mashine kwa moto wote, maana kila inchi ya hatua inayopunguzwa huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, na ikipita kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mashine, mashine itakufa kabla ya mkopo kwisha.

Wewe mpwa wangu, maadamu najua shangazi zako watakusomea barua hii kwa sauti, usikasirike. Nitazamie kwenye kitovu cha rafadha yako namba zilizochapwa, ya kipenyo na ya hatua, uniletee pamoja na urefu wa boti na mizunguko unayoipata ukifungua moto wote ukiwa na abiria wa kawaida, nikutafutie ya pangaa nne. Fanya hima, maana ifikapo Oktoba boti za huku hutolewa majini na rafadha zilizotumika huuzwa kwa bei ya kutupa. Na hilo dumu lisogeze leo.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Lake City