Maji Ndani ya Oili: Yaliyolipata Gari Letu

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mlituuliza katika mwezi wa Shaaban, Februari 2024, kwa nini kipanya chetu kilisimama wiki tatu nyuma ya darasa, huku nyinyi wa Buguruni na Vingunguti mkija kwa daladala au kwa miguu. Wengine mlisikia kwamba kimeuzwa. Tumeonelea tuwaelezeni habari yenyewe katika kurasa hizi, kwani ndani yake mna elimu ya kazi ya mikono ambayo hatuisomeshi darasani, nayo itawafaa siku mtakapomiliki gari lenu au mtakapoaminiwa la mwenzenu.

Gari lile ni la dizeli na ni kongwe. Dalili ya kwanza aliiona dereva: kila asubuhi rejeta ilitaka karibu lita moja ya maji, hali ya kuwa chini ya gari pakavu kabisa. Siku chache baadaye alipochomoa stiki ya oili, akakuta oili imepanda kupita alama ya juu. Hapa msome kwa makini. Oili huungua au huvuja ikapungua; haizai. Ikizidi bila ya mtu kuiongeza, basi kuna kitu kingine kimeingia, na katika gari la dizeli huwa ni maji au ni dizeli yenyewe. Dizeli huifanya oili iwe nyepesi na inuke mafuta, lakini maji huigeuza rangi ikawa kama chai ya maziwa. Yetu ilikuwa chai ya maziwa.

Fundi wa kwanza, kijana kutoka Gerezani, alitazama stiki tu, akasema injini imekwisha, tukanunue ya mtumba. Bei aliyoitaja hatukuwa nayo sandukuni. Kisha akaja dalali, naye akatupa njia nyepesi: "Ustadh, mwageni oili hiyo, wekeni mpya nzito, osheni gari. Ninaye mteja wa mkoani, analichukua leo leo. Mpaka afike Morogoro si lenu tena."

Neno hilo lilitugawa katika kikao. Gari lilinunuliwa kwa michango ya wazazi wenu, na wengine wao wanauza matunda juani Mtaa wa Congo. Kuliacha lioze ni kuwapotezea amana yao. Wako miongoni mwetu waliosema mnunuzi ana macho, akague mwenyewe. Wengine wakakumbusha kile kisa mnachokijua nyote cha chungu ya nafaka sokoni, juu kavu na chini imeloa. Mabishano yalikuwa marefu, na hatutawaandikia yote. Tukakubaliana tujue kwanza ugonjwa ni nini, ndipo tuzungumze habari ya kuuza.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Ilala. Amri yake ya kwanza ilikuwa tusiwashe injini tena hata mara moja. Oili ndiyo inayozuia chuma kisisagane na chuma kwenye beringi za kankshafti; ikichanganyika na maji haiwezi tena kubeba mzigo ule, na injini hunoki. Akadondosha tone la oili yetu kwenye bati lililopashwa moto, nalo likaruka na kulia kama sambusa inapotumbukizwa kwenye mafuta. Oili safi haifanyi hivyo. Akaliacha gari usiku kucha, na asubuhi akalegeza nati ya sampo polepole. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yalitangulia kutoka yenyewe, kiasi cha glasi mbili, yenye rangi ya kutu, ndipo oili ikafuata.

Kujua kwamba maji yapo ni jambo moja, na kujua yanapoingilia ni jambo jingine. Yanaweza kupita kwenye gasketi ya silinda hedi, kwenye ufa wa hedi, kwenye ufa wa bloku, au kwenye kipozeo cha oili kwa injini zenye kifaa hicho. Mzee alichungulia rejeta (injini ikiwa baridi, msifungue kifuniko cha rejeta yenye moto, kitawababua) akitafuta utando wa oili. Kipozeo kikitoboka, injini inapofanya kazi oili huwa na msukumo mkubwa kuliko maji, hivyo huingia kwenye rejeta, na maji huingia kwenye oili baada ya kuzima. Rejeta yetu haikuwa na utando. Akafungua sampo, akafunga pampu ndogo ya mkono yenye geji juu ya rejeta, akajaza upepo mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha akalala chini ya gari na tochi. Kuta za silinda zilikuwa kavu. Matone yalishuka kwenye tundu ambalo oili hupitia kurudi kutoka juu, maana yake ugonjwa uko kwenye gasketi au kwenye hedi.

Hedi iliposhuka, tuliona gasketi imeliwa na kutu pembeni ya tundu la maji. Sababu aliitaja bila kuficha: maji ya kisima. Visima vingi vya mjini hapa vina chumvi, nasi, kama magari mengi ya jiji hili, tulikuwa tunajaza hayo badala ya kulanti. Hedi ilipelekwa kupimwa ufa, ikaonekana nzima, na uso wake ukasawazishwa kwenye mashine.

Kununua gasketi Kariakoo nako ni somo. Gasketi za baadhi ya injini za dizeli huwa na unene tofauti, na huchaguliwa kwa kadiri pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Muuzaji wa kwanza alitupa yoyote na kuapa kuwa zote ni moja. Tukarudi na ile mbovu mkononi, tukalinganisha alama mpaka tukaipata.

Gharama yote ilikuja chini ya robo ya bei ya ile injini ya mtumba. Mteja wa mkoani tulimweleza habari yote kwa simu. Akashukuru, akanunua kwingine. Dalali hajatuamkia tangu siku hiyo.

Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya siku mbili pamoja na filta, kwa sababu mabaki ya maziwa hubaki kwenye njia za injini. Sasa dereva huchomoa stiki kila alfajiri kabla ya kuwasha. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kuisoma afike mapema, kabla gari halijaenda Buguruni.