Nilimfundisha Kushuka Soni

Leseni yangu ya lori, daraja E, niliipata bila kukaa darasani hata asubuhi moja. Nilimlipa mtu, naye akamwona mtu wake, na cheti cha mafunzo kikanifikia kimeshagongwa muhuri. Nalitanguliza hili ili msidhani ndilo ninalolificha. Madereva wenzangu wanalijua, na wengi hawatanilaumu kwa kuwa vyao navyo vilikuja kwa njia hiyohiyo. Ninaloliungama hapa lilikuja baadaye, na limemgusa mtu mwingine.

Kwetu Mgwashi mtoto anayependa magari hasomei udereva, anaurithi. Anaanza kama utingo. Anapakia viazi na lumbesa za kabichi, analala juu ya mzigo, anakimbia na jiwe la kuzuia tairi gari linapokwama kwenye matope ya masika. Siku suka, yaani dereva, akichoka, anamwachia usukani mahali penye unafuu. Milima ya Usambara haina tambarare nyingi za kujifunzia, kwa hiyo mwanafunzi anaanza na kona na makorongo moja kwa moja.

Suka aliyenifundisha mimi alikuwa hodari kweli, sitamvunjia heshima. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote: ukishashika lami pale Soni na kuanza kuteremka kwenda Mombo, toa gia, gari lijishukie lenyewe, kazi ya breki ni kwenye kona tu. Mlima unagawa dizeli ya bure, alisema, na anayeikataa ni mjinga. Nikaishika kanuni hiyo kama aya. Nilipopewa Fuso yangu, tajiri akaanza kunisifu mbele za watu kwamba gari mikononi mwangu halinywi mafuta. Kama lilikuwa halinywi kweli sijui, maana sikuwahi kupima. Sifa zilinitosha.

Ndipo nikampata utingo wangu, kijana wa jirani, mwepesi wa kushika. Nilimfundisha kila kitu nilichofundishwa. Nilimpigia honi ya kejeli siku alipoogopa akarudisha gia katikati ya mteremko. Nilimwambia gari linaunguruma hivyo kwa sababu analinyanyasa, injini italia mpaka ife. Akaona haya. Hakurudia tena.

Tukifika Mombo magurudumu yalikuwa yakinuka kama kitu kinachoungua, na yeye alikuwa na dumu lake la maji tayari. Anamwagia kwenye dramu za breki, mvuke unapanda, tunacheka, tunanunua machungwa, safari ya Dar es Salaam inaendelea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini gari lililoshuka "bure" linahitaji kuogeshwa kila mara.

Umri ulipoanza kunibana nikatamani basi. Abiria hawapakiwi kwa koleo, na dereva wa basi ana shati lililopigwa pasi. Ili uombe daraja C, la kubeba abiria 30 na zaidi, unatakiwa uwe umeshika E au C1 kwa miaka 3, na hiyo nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inawapima madereva wa abiria kabla ya kuwathibitisha, na mtihani unafanyika kwenye kompyuta. Kompyuta haina mtu wake wa kuonwa. Nikaanguka vibaya. Nikarudi nyumbani nikiwaambia watu kwamba mtandao ulikuwa unasumbua.

Mwishowe nikaenda kusoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, nikakaa dawati moja na vijana wanaoniita mzee. Siku ya somo la breki nilikunja mikono nikijua leo nitawafundisha mimi. Mkufunzi akauliza nani anatoka milimani. Nikanyoosha mkono. Akataka nieleze ninavyoshuka, nikaeleza kwa mbwembwe zote, na vijana wakanisikiliza kwa heshima.

Alinishukuru, kisha akachukua chaki. Gari na mzigo wake tani 10, akaandika. Kutoka Soni hadi Mombo unashuka kama mita 700. Uzito huo ukishuka kimo hicho unazaa nguvu ambayo lazima iende mahali, na kama breki ndizo zitakazoibeba yote, joto lake linatosha kuchemsha pipa zima la maji la lita 200. Akanigeukia: hilo pipa wewe ulikuwa unaliweka wapi? Nikakumbuka lile dumu. Akaendelea kwamba breki ikishika moto kiasi hicho inapoteza mshiko, unakanyaga na gari halikusikii. Ukikanyagakanyaga kwa hofu kwenye breki za upepo, upepo nao unaisha. Na dramu yenye moto ukiimwagia maji baridi inaweza kupasuka. Ushuke na gia ileile ambayo ungepandia, akasema, ili injini ndiyo ishike gari na breki zibaki na akiba.

Bado nilikuwa na dizeli yangu ya kujitetea. Nikamuuliza, na gharama? Hapo ndipo aliponimaliza. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu inakata dizeli. Ukitoa gia, injini inalazimika kunywa kidogo ili isizime. Kwenye mteremko ule nilikuwa sibani chochote. Nilikuwa nanunua hatari kwa pesa za tajiri.

Mtihani nimeufaulu na basi ninalo. Sikusubiri nimalize chuo kumpigia kijana wangu, ambaye sasa ana Fuso yake na anapita njia ileile akiwa na kabichi. Nilimpigia usiku wa siku ileile ya somo la breki. Nilimweleza pipa la maji, nikamweleza pampu, nikamwambia ile honi ya kejeli niliyompigia ilikuwa ya mjinga, kwamba siku ile aliporudisha gia yeye ndiye alikuwa dereva na mimi mzigo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, maana hajawahi kunikosea adabu: "Kaka, si ulikuwa na cheti tangu zamani? Kile kilisema unajua, na hiki unachokisomea nacho kitasema unajua. Mimi nishike kipi?"

Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka ni mimi niliyemsimulia, kwa majigambo, kile cha kwanza nilikipataje. Akaongeza kwamba naye ana utingo, na ameshamwonyesha jinsi ya kushuka.

Tukabishana muda mrefu. Mwisho nikamwomba Jumapili moja anipe usukani wa Fuso ikiwa na mzigo kamili, utingo wake akae katikati yetu, tushuke kwa gia kuanzia Soni, na tukifika Mombo wote wawili wasogeze viganja karibu na dramu. Amekubali, kwa sharti kwamba dizeli ya siku hiyo nilipe mimi.