Pointi 8 za Karti Moja

Safari hii nataka tuongee juu ya karti za picha ambazo watu wa Marekani wanakusanya na kuuziana. Usiseme, hii inatuhusu nini? Soma kwanza paka mwisho.

Karti yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji. Zamani kampani za sigara zilikuwa zinaitia ndani ya paketi. Leo zinauzwa kwa intaneti, na muuzaji na mnunuzi hawajuani hata kidogo. Mjomba wangu anauza vitenge kwa simu, naona taabu yake. Kila mteja anauliza: "Picha ni nzuri, lakini kitu chenyewe kiko namna gani?" Wanunuzi wa karti nao wana ulizo lile lile.

Njo maana kuna kampani za kupima. Moja, jina lake PSA, ilianza katika 1991. Wapimaji wanaangalia mambo 4: kama picha iko katikati, kama pembe ni kali, kama kando ni nzima, na kama uso hauna mkwaruzo. Kisha wanatoa pointi, tangu 1 mpaka 10, na kuifunga karti ndani ya kisanduku cha plastiki chenye namba. Mutu aliye mbali anasoma pointi, anatuma feza. Lakini sheria moja iko: karti iliyokatwa kando kusudi ionekane mpya haistahili kupewa pointi.

Sasa sikieni. Karti ya kwanza ambayo PSA ilipima ni ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh. Ni ya miaka ya 1909 mpaka 1911, na zilizobaki ni chache sana. Wayne Gretzky, bingwa wa hoki, na mwenzake Bruce McNall waliinunua katika 1991 kwa dola 451,000. Ikapewa pointi 8. Kwa karatasi ya miaka 80, ni ajabu! Katika 2007 iliuzwa dola milioni 2.8.

Halafu katika 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa na karti ile zamani, akakubali mbele ya tribinali kama yeye mwenyewe aliikata kando. Katika 2015 akahukumiwa miezi 20 ya kifungo juu ya udanganyifu katika minada yake. Basi uzuri wa kando zile ulitoka kwa chuma cha kukatia, na wapimaji walikuwa wamekwisha kuandika 8.

Kuna karti ingine ya Wagner, iliyochakaa. Kampani ingine ya kupima, SGC, iliipa pointi 3 tu. Katika 2021 iliuzwa dola milioni 6.6. Ni kweli, bei zilikuwa zimepanda katika miaka ile, hatuwezi kulinganisha moja kwa moja. Hata hivyo pointi 3 hazikuikimbiza wanunuzi. Walijua wanachonunua.

Mimi niko mwaka wa sita, ninangojea egzameni ya Serikali. Nasikia wenzangu wakisema: "Pointi ni pointi, nani atauliza zilitoka wapi?" Wengine wanakopia, wengine wanatafuta nani wa kupatia feza. Mimi nawajibu: ulizo la karti ya Wagner lilichelewa zaidi ya miaka 20, lakini lilifika. Na karti haina kazi ya kufanya, inakaa tu ndani ya kisanduku. Sisi tutatoka. Mgonjwa atalala mbele ya muuguzi mwenye diploma iliyokatwa kando. Watoto watakaa mbele ya mwalimu wa namna ile. Siku ile diploma haitasaidia mutu.

Mezali 11:1 inasema juu ya mizani ya udanganyifu, na mizani ina watu wawili: mwenye kupima na mwenye kupimwa. Kwa hiyo ninaomba pande zote mbili. Wenzangu, tuache chuma cha kukatia. Na ninyi walimu wetu, kama kazi yetu ni 4, tuandikieni 4. Juu ya 4 ya kweli tunaweza kujenga.